Vyungu Vyetu na Pua za Wageni

Nilipoletewa habari kwamba Rebeka amefariki, nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua mpaka ukaisha, nikaufunika, ndipo nikalia. Mjukuu wangu akaja mbio kuniuliza nani kafa, nikamwambia Rebeka, akauliza Rebeka gani. Rebeka gani! Nilimtazama mtoto yule nikaona kweli hawezi kujua, maana Rebeka alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Wema, Mkristo, na mimi ni Mwislamu wa Kipini. Hatukuwa na damu moja wala dini moja, na miaka hii ya mwisho miguu yetu sote wawili ilikuwa haitufikishi mbali. Wakanipeleka mazikoni hivyo hivyo. Nikaketi mkekani na wanawake wa kwao, na kijana mmoja wa shirika la misaada, kavaa fulana yenye maandishi mgongoni, akachuchumaa mbele yangu kwa adabu akasema, "Shikamoo bibi. Nimeambiwa wewe na marehemu ndio mlioanzisha chama cha kwanza cha kusaidia wakimbizi hapa Garsen. Kilianza vipi?" Nikamwambia kilianza kwa hasira. Akacheka akidhani namfanyia mzaha. Sikuwa na mzaha wowote, na kwa kuwa yeye hakuwa na nafasi ya kunisikiliza mpaka mwisho, nitayasema hapa.

Nilizaliwa na nani na nililelewa vipi, hayo hayamfai mtu. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, zama za Hali ya Hatari, mwaka ambao vuli haikunyesha na masika nayo yakaja yakalowesha vumbi tu yakaondoka. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa na Salim aliyekuwa na duka dogo Garsen, na nilikuwa nanyonyesha mwanangu wa kwanza, Athmani. Tulikaa chumba cha nyuma ya duka. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la arusi, na susu ya mtoto iliyoning'inia kwenye boriti, na kila kitu humo kilinuka mafuta ya taa na tumbaku kwa sababu ndivyo vilivyouzwa upande wa pili. Ukuta uliotutenga na duka ulikuwa wa fito na udongo, na haukufika juu. Kwa hiyo wanaume wakikaa barazani kwa Salim kunywa kahawa, mimi kitandani na mwanangu kifuani nilikuwa katikati yao bila wao kujua, au walijua wakasahau. Nilizisikia habari za bei ya ng'ombe, za mke wa fulani, za serikali, na ni hapo nilipowasikia kwanza watu wa ghalani.

"Wamekuja wengine tena," alisema mmoja. "Wamejaa ghala lote la pamba, lile kuukuu karibu na kivuko."

"Ni wale wa visimani," akasema mwenzake. "Maji yamekwisha huko kwao, wakapigana na wenziwao kugombea kisima kilichobaki. Walioshindwa ndio hao. Ng'ombe hawana, ngamia hawana, wamekuja na ngozi za kulalia tu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe! Msomali wa porini umpe jembe? Atakuuliza linakamuliwa wapi!"

Wakacheka, na Salim wangu akacheka nao, kicheko chake nilikijua. Sijui kilichonipata. Mimi ni mtu wa hasira tangu udogo, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni, lakini siku ile hasira ilinijia hata mtoto akalistukia ziwa akaliacha. Asubuhi nikamfunga Athmani mgongoni nikaenda kuwaona watu hao kwa macho yangu. Njiani nikampata Rebeka, jirani yangu, mwanamke wa mwili na wa sauti, akiamkia mtu upande huu wa mto, wa ng'ambo huitikia. Alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani. Akaniuliza naenda wapi na uso ule, nikamwambia, akageuza njia tukaongozana bila hata kuutua mkungu.

Nilitarajia makelele. Nilitarajia watu watushike kanga watuombe. Hapakuwa na sauti. Walikaa kwenye ngozi zao kando ya kuta, familia hii hapa, familia ile pale, katikati wameacha njia safi iliyofagiliwa, na tulipoingia wanawake walitupisha tukae kana kwamba tumeingia majumbani mwao. Bibi mmoja mrefu, kakonda, macho makali, akatuletea maji ya kunywa. Maji ya mto, ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, akatupa kwa mikono miwili. Huyo alikuwa Bibi Halima. Ubavuni pake alikaa mke wa mwanawe, Dahabo, umri wake kama wangu, na mtoto wa kike mchanga aliyeitwa Amina, umri wake kama wa Athmani. Mume wa Dahabo alikuwa kaenda mbali na mbuzi waliosalia kutafuta majani, hawajui yuko wapi. Rebeka aliyanywa yale maji, akashusha mkungu wa ndizi akauweka chini, na tukatoka nje. Baadaye akasema, "Wewe, wametupa maji! Sisi!" Hapo ndipo chama kilipoanza, mwanangu, na si kwa mradi.

Tulikutana jikoni kwa Rebeka, wanawake kama wa nyumba kumi hivi, Wapokomo, Waorma wawili waliokuwa wameolewa mjini, mke wa mvushaji wa kivuko, na mimi. Jiko lake lilikuwa kibanda cha makuti chenye mafiga mapana, na juu ya mafiga, kwenye uchaga, samaki wake wa kukausha walijipanga wakila moshi kama kawaida ya kila jiko la mtoni. Tulikubaliana kila nyumba itoe kibaba cha nafaka kwa zamu, tupike pamoja, tupeleke ghalani kila siku adhuhuri. Kupika kungekuwa rahisi kama si ofisini. Wakati huo watu hawakuruhusiwa kukusanyika ovyo, na chama chochote kilihitaji ruhusa. Karani aliyetupokea alikuwa mtu wa bara, hakutujua wala hatukumjua, na alikuwa na hofu yake ya waasi wa msituni na viapo vyao.

"Chama chenu ni cha nini?" akauliza.

"Cha kupika," akasema Rebeka.

"Mwenyekiti nani?"

"Mimi, kwa sababu jiko ni langu."

"Na mnakula kiapo?"

Rebeka alimtazama kwa huruma. "Baba, mwaka huu hata ugali hatuupati wa kutosha, tutakula kiapo saa ngapi?"

Hakucheka, lakini ruhusa alitupa, na sharti moja: tugawe chakula kilichopikwa tu. Nafaka kavu hapana, kwa kuwa nafaka kavu yaweza kubebwa ikapelekwa porini kwa watu wasiojulikana. Tulimwambia pori la huku lina ng'ombe waliokufa na viboko tu. Akasema amri ni amri. Basi tukatoka tukifurahi, maana kupika ndicho tulichokitaka, na nani angejua kwamba sharti lile dogo ndilo lingetuletea balaa.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Mtu aliyekaa Garsen hata mwezi anajua mfugaji hali samaki. Kwake samaki ni mdudu wa majini, hamtofautishi na nyoka, na wapo ambao hata kukaa karibu na aliyekula hawataki. Tulilijua hilo kuliko jina la karani. Siku ya kwanza kabisa Rebeka alisimama mlangoni pa jiko akatangaza, "Mtu asiniletee hata kichwa cha kambare! Hapa ni mahindi na kunde, na ndizi zikipatikana. Watu wale wana heshima zao." Na samaki mwaka ule ndio waliokuwa wengi, maana mto ulipopungua mabwawa yaligeuka matope na kambare walikuwa wakiokotwa kwa mikono. Majumbani mwetu tulikula samaki asubuhi na jioni, na mahindi yetu ya akiba na kunde zetu tukawapikia wageni. Tulijiona tumefanya jambo la maana, na nasema bila haya kwamba tulikuwa tumefanya.

Vyungu vilikuwa vikirudi vitupu. Zaidi ya vitupu, vilirudi vimesuguliwa kwa mchanga vikang'aa, na Bibi Halima mwenyewe alikuwa akisimama mlangoni mwa ghala akitushukuru kwa mkono kifuani. Jikoni tulikuwa tukisifiana. "Wamemaliza!" "Na jana walimaliza!" Mama Zuhura, jirani mmoja mwenye maneno, alikuwa akisema kunde zake ndizo zinazowavutia. Hata barazani kwa Salim maneno yalianza kugeuka, nikamsikia mwanamume mmoja akisema wanawake hawa wameitia serikali aibu, na Salim akajibu, "Mke wangu huyo, mumjue," kwa sauti ya mtu aliyeanzisha chama yeye. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka mtoto akaamka.

Lakini Dahabo alikuwa akikonda. Wengine nao hawakunenepa, ila yeye alikwisha mbele ya macho yetu, mifupa ya shingo ikatoka, na maziwa yakamkauka. Tulidhani ni ugonjwa. Tulimpeleka kwa dresa wa zahanati, akampima akasema hana ugonjwa, ni udhaifu, ale. Ale! Na chakula si tunaleta? Tukaongeza. Rebeka akamtengea sahani yake mbali, kunde nyingi, akampelekea kwa mkono wake. Dahabo akaipokea akashukuru. Kesho yake akawa mbaya zaidi. Na Amina alikuwa halii tena kama mtoto, alikuwa akitoa kisauti chembamba kama cha mlango usiotiwa mafuta, muda mrefu, bila machozi. Kisauti kile nilikuwa nikirudi nacho nyumbani. Nikila nakisikia.

Siku moja alasiri niliketi karibu nao, Athmani kalala mgongoni, kashiba, na Amina akaanza. Wanawake walionyonyesha watanielewa: maziwa hayaulizi mtoto ni wa nani. Yalishuka yenyewe. Kanga yangu ikalowa mbele, nikaona aibu, nikaifunika kwa mkono, kisha nikaona upumbavu wangu, kwamba nafunika chakula mbele ya mtoto mwenye njaa. Nikanyoosha mikono. Dahabo hakunipa mtoto. Alimtazama mkwewe.

Bibi Halima akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, polepole, "Wewe najua hii maana yake?"

"Najua, bibi."

"Ukinyonyesha, huyu mtoto yako pia. Kijana yako na huyu msichana ni ndugu. Haiwezi kuoana mpaka kufa. Sisi na nyinyi jamaa."

"Najua. Ndiyo dini."

"Bwana yako anajua?"

"Atajua."

Akafikiri. Nilidhani atakataa, na mtoto alikuwa mbele yangu na uamuzi ulikuwa mdomoni mwa bibi yule. Kisha akasema, "Sawa. Lakini kwanza mama yake. Kila siku kwanza mama, hata hakuna kitu. Halafu wewe." Na ndivyo ilivyokuwa. Amina akawekwa kwenye ziwa kavu la Dahabo, akavuta, akakosa, akakasirika akapiga kile kisauti, Dahabo akafumba macho, kisha ndio nikapewa. Alivuta kwa nguvu nikashika ukuta. Dahabo alikuwa akimtazama mwanawe akimeza, akawa anameza na yeye, koo lake likipanda na kushuka, wala hakujua kama anafanya hivyo.

Salim nilimwambia jioni ile ile, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akatoka barazani. Nikapanda kitandani haraka nikatega sikio, nikamsikia akiwaambia wenziwe, "Nimepata binti." Wakamuuliza lini, mkeo si amejifungua juzi juzi tu? Akasema, "Leo. Ghalani. Kwa hiyo mtu asiwaseme tena watu wale hapa kwangu, ni jamaa zangu." Yule wa jembe akaanza kumtania kwamba sasa atapelekewa posa ya ngamia wafu, na Salim akamwambia basi kahawa ya leo akanywe kwake. Mume nilimpenda tangu mwanzo kama mke anavyotakiwa, lakini usiku ule nilimpenda kwa hiari yangu.

Nilikwenda ghalani asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku chache hazikupita, Bibi Halima akanijia nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni pa jiko langu dogo la uani, pua zikamtanuka, akaingia kama mtu anayeingia majini. Nikamtandikia mkeka. Hakutaka chai. Akasema, "Mwanzo wewe ni mtu analeta chakula. Mtu akikupa chakula, wewe huwezi sema chakula yake mbaya. Kwetu hiyo hakuna. Bora kufa. Sasa wewe mama ya Amina. Sasa naweza sema."

"Sema, bibi."

"Chakula yenu nzuri. Kunde nzuri. Lakini chungu yote inanuka samaki."

Nilitaka kumkatiza. Nilitaka kumwapia kwamba hatukupika samaki, wallahi si hata siku moja, tena tumejinyima. Akainua mkono. "Leo hapana. Jana hapana. Mwaka jana, na mama yako, na bibi yako. Udongo inakunywa. Haisahau. Watoto yetu inakula, inashika pua, njaa haina haya. Wanaume inakula kidogo. Dahabo inatapika. Anajaribu, anatapika, anajaribu. Nyingine tunapa mbuzi ya mji. Wewe hujaona mbuzi ya mji imenona?"

Nilikuwa nimewaona. Mwaka wa ukame, na mbuzi wa Garsen wakitembea kwa matumbo kama wenye mimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza. Bibi Halima alipoondoka nilichukua chungu changu nikatia kichwa chote ndani nikavuta pumzi. Sikunusa kitu. Nikavuta tena. Udongo, moshi, basi. Nyani haoni kundule, nami nilikuwa nimeinama nalitafuta langu lakini silioni.

Niliwakusanya wanawake jikoni kwa Rebeka nikawaeleza, na hapo chama kikawaka moto. Mama Zuhura alisimama akajifunga kanga kiunoni. "Yaani sisi ndio tunaonuka? Kunde zangu wanalishwa mbuzi? Maskini na pua juu! Mimi sirudi hapa." Na hakurudi. Wengine walinung'unika, mmoja akasema afadhali wangetutukana siku ya kwanza kuliko kutushukuru uongo. Mimi nikapandwa na hasira zangu nikasema maneno makali kuhusu mbuzi na watu, sitayarudia. Rebeka peke yake hakugomba. Alikuwa kapakata chungu kikubwa kuliko vyote, cha marehemu mama yake, kilichotoka Wema kwa mtumbwi siku alipoolewa. Alikinusa. Akakigeuza akakinusa chini. Akatunusisha mmoja mmoja. Hakuna aliyenusa kitu.

"Mimi sinusi," akasema mwisho. "Na huyu mama anasema kinanuka. Basi mmoja wetu mwongo."

Tukangoja.

"Lakini mume wangu naye husema nakoroma mpaka kuku wanaamka. Miaka yote hii sijawahi kujisikia hata mara moja, na simwamini. Juzi mama mkwe wangu kalala kwetu, kasema vile vile." Akakiweka chungu cha mama yake kando, mbali na mafiga. "Nani ana sufuria?"

Sufuria wakati huo hazikuwa nyingi Garsen. Waliokuwa nazo walizificha kwa ajili ya arusi na wageni wa kiserikali. Mke wa mvushaji akatoa yake moja, ingali na karatasi. Zilizobaki zilikuwa dukani kwetu, zimetungikwa darini kwa kamba, za kuuza. Nikaenda nikapanda juu ya kasha la sabuni nikaanza kuzifungua. Salim alikuwa anampimia mtu sukari.

"Mama Athmani, hizo za kuuza."

"Wamekwisha kuzichukua."

"Nani?"

"Jamaa zako."

Mteja akatazama chini. Salim akatazama juu, sufuria moja, mbili, zote. Akamaliza kupima sukari yake, akafunga karatasi vizuri, kisha akaja akanishikia kasha nisianguke.

Tulipika nje, mbali na uchaga wa samaki, mbele ya ghala lenyewe, na Bibi Halima akasimama juu yetu kama mkaguzi. Tuliosha mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawasha. Mwiko wangu aliutazama tu akautupa, akatuchongea mwingine. Chakula kilipoiva aliinama juu ya mvuke, akakaa hapo, akakaa, na Rebeka akaninong'oneza, "Huyu akisema bado kinanuka namtia yeye mwenyewe humo ndani." Bibi akainuka akapakua sahani ya kwanza akampelekea Dahabo. Sisi sote tukamfuata. Tukajipanga mlangoni tukimkodolea macho msichana yule akitia tonge mdomoni, akitafuna, akimeza, tukingoja litarudi au halirudi, mpaka Bibi Halima akatugeukia: "Tokeni! Nani anaweza kula hivi?" Tukatoka mbio kama watoto. Tulipochungulia tena sahani ilikuwa tupu, na Dahabo alikuwa akiifuta kwa kidole.

Siku hizi magari ya misaada yanapita hapa yamepakia vitu vizuri, nami siyalaumu, yanaokoa watu. Lakini kila nikiona gunia linashushwa najiuliza nani amekwisha kuwa jamaa wa watu hawa kiasi cha kuambiwa ukweli. Mtu mwenye shida hawezi kukwambia. Atakushukuru. Atakusugulia chungu chako kwa mchanga king'ae, na atakufa na shukrani zake mdomoni. Chama chetu kiliendelea miaka mingi baada ya hapo, kwa watu wa mafuriko na watu wa ukame na watu wa vita, na Rebeka alikuwa mwenyekiti mpaka alipopofuka macho. Kila wageni walipoingia, kabla hajawasha moto alikuwa akimtafuta mwanamke wao mzee kuliko wote, anamketisha, anamwambia, "Mama, nitukane kwanza."

Lakini niseme la Amina, kwa maana ndilo linaloniuma na ndilo linalonifurahisha. Nilimpenda. Sifichi. Mtoto umnyonyeshaye haazimwi, anaingia. Alikuwa na desturi ya kuushika mkufu wangu akanyonya huku ananitazama usoni bila kupepesa, na mashavu yalipoanza kumjaa nilijiona kana kwamba nayafinyanga mimi. Nikawa nafika ghalani kabla ya wakati. Dahabo alikuwa akila, anapata nguvu, anacheka, tumekuwa mashoga, tunasukana nywele. Na bado kila mara, kwa amri ya Bibi Halima, kwanza mama. Amina anawekwa kwa mamake, anavuta, anakosa, anapiga kelele, sasa kelele za mtoto mwenye afya, na mimi nanyoosha mikono. Dahabo alikuwa akinipa akigeuza uso. Mara moja aliniuliza, "Dada, kama haitarudi?" Nikamwambia mimi nipo. Akasema, "Najua wewe uko," akafuta macho, na nikafahamu kwamba jibu langu halikuwa lile alilolitaka.

Asubuhi moja nilifika nikaketi pale pangu, nikafungua kifundo cha kanga. Amina akawekwa kwa mamake. Akavuta. Nikangoja kelele. Akavuta tena, na hakulia. Bibi Halima aliyekuwa anasuka mkeka akauacha mkono hewani. Ghala zima likatugeukia, maana wote walikuwa wakijua. Ndipo tukasikia koo la mtoto: gudu, gudu, gudu. Mchirizi mwembamba mweupe ukashuka pembeni mwa mdomo wake. Dahabo aliuona, akafungua kinywa bila sauti. Nami kwa mazoea, sijui akili ilikuwa wapi, nikanyoosha mikono. Amina akaniangalia mara moja, akaugeuza uso wake kwa mamake.

"Samahani, dada," akasema Dahabo, anacheka na kulia.

"Samahani ya nini, wewe? Mnyonyeshe!"

Nikatoka nje. Rebeka alikuwa anakoroga kunde kwenye moshi. Aliponiona, kanga imelowa maziwa na uso umelowa machozi, mwiko ukamdondoka.

"Mtoto kafa?"

"Kapona."

"Sasa unalilia nini, Esha?"

"Amenikataa, shoga," nikamwambia, na nikakaa chini hapo hapo mchangani. "Alhamdulillahi, amenikataa."